Mama Shuka Amechoka, Ila Hajaacha Kuomba

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine moja ya kufulia ya hospitali inazunguka, ya pili imegoma. Mama Shuka anaiombea, anaipiga teke, kisha anakunja mikono ya gauni na kuinamia beseni.

"Hilo la teke mchungaji asilisikie," anasema.

Shuka mia na ishirini zinamsubiri, na wafuaji ni wawili tu. Nyumbani anamsubiri mumewe, fundi wa kujenga, aliyepigwa na kiharusi miezi minane iliyopita. Mguu wa kulia haumsikii.

Kinachomchosha zaidi si kufua. Ni wafariji.

"Mmoja ananiambia ni jaribu. Mwingine anataka kujua tumetenda dhambi gani. Wa tatu anauliza kama chai ipo."

Mwezi uliopita walivuka mpaka. Jina la mumewe lilikuwa limekaa mno kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Katibu wa kanisa, mpenda daftari safi, akalihamishia kwenye orodha ya marehemu bila kuuliza mtu. Jumamosi kwaya ikaingia uani na nyimbo za msiba. Mama Shuka akatoka na mwiko mkononi.

"Marehemu yuko ndani anakunywa uji," akawaambia.

Wakaingia wamefyata mkia. Mgonjwa, aliyekuwa amesusa mazoezi wiki tatu akidai hana haja ya kuishi, akawatazama mmoja mmoja.

"Besi imelegea," akasema. "Siku yangu ikifika, msinizike hivyo."

Akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Walipoondoka, akamwita mkewe: "Mama, hebu nishike. Wasije wakanikuta nimelala tena."

Sasa anapiga hatua nne, kutoka kitandani hadi dirishani.

"Miezi minane nimepiga magoti, Mungu akaja kunijibu kwa uzembe wa katibu," Mama Shuka anasema, akikamua shuka kana kwamba ndiyo shingo ya mtu. "Namshukuru Mungu. Katibu simsemeshi."

Daktari hajaahidi kitu: mguu unaweza kurudi, unaweza usirudi.

"Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake. Kwa hiyo nami nalia, halafu nafua. Tumaini langu halijakaa kwenye mguu."

Hata hivyo, mpango anao: kabla mwaka haujaisha, mumewe aingie kanisani kwa miguu yake.

"Asipotembea nitaendelea kuamini. Hilo Mungu nimeshamwambia," anasema. "Nimemwomba tu asilifanye kisingizio cha kutomponya."