Ng'ombe wa Pole

Watu husema mimi nina mdomo. Ni kweli ninao, na ndio ulionipa uenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bariadi. Lakini kuna siku mdomo huo ulishukuru mahali pa kudai, na kidogo tu mwenzangu apoteze haki yake.

Mwenzangu huyo, mama wa watoto wanne kutoka Nkololo, alikuwa kibarua wa msimu, kazi yake kulisha pamba mashineni. Siku moja pamba ilikwama. Akaingiza mkono wa kulia kuikwamua, kama tulivyozoea kufanya sote, na misumeno ya mashine ikaondoka na vidole vinne, ikamwachia dole gumba. Hospitali walimtibu vizuri. Aliporudi nyumbani, tajiri wetu alifika mwenyewe Nkololo kumpa pole, na pole yenyewe ilikuwa mtamba mweusi mwenye mimba.

Kwetu Usukumani ng'ombe akishapokelewa mbele ya watu, neno limekwisha. Ukilifufua, unaonekana huna adabu. Basi nikasimama kwa niaba ya wafanyakazi, nikamsifu tajiri kwa utu wake, na makofi nikayaanzisha mimi. Nilijiona kiongozi kweli kweli!

Miezi michache baadaye chama kikatuita semina. Mwezeshaji akaeleza kwamba hata kibarua wa msimu akiumia kazini ana haki ya fidia kutoka mfuko wa serikali, na aliyepoteza viungo anaweza kupata pensheni. Sharti ni ajali iripotiwe kabla muda haujapita, na mwajiri ajaze fomu.

"Na kama mwajiri ameshatoa ng'ombe?" nikauliza.

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka, kwa sababu fomu haikuwa imejazwa na sisi tulikuwa tumeshapiga makofi.

Jumamosi nikaenda Nkololo. Nilimkuta anamfunga ndama, maana mtamba alikuwa ameshazaa. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama huyo kwa Kisukuma, kisha nikamweleza yote bila kujitetea.

"Sasa unataka nimdhalilishe tajiri wa watu?" akasema. "Ng'ombe nimeshapokea. Msimu ujao kazi atanipa nani?"

"Kazi gani, mayu, kwa mkono huo?"

Nilisema vibaya, najua. Akautazama ule mkono, kisha akaanza kumfungua ng'ombe kamba.

"Tumrudishe," akasema. "Na ndama wake. Nisije nikaambiwa nimekula cha mtu."

Tukawaswaga mpaka mjini, wanawake wawili, ng'ombe na ndama, na kila tuliyekutana naye aliuliza kama tunakwenda mnadani. Vumbi lilitujaa mpaka kwenye kope. Tulipofika kiwandani vibarua wa zamu wakatoka kutazama, na tajiri naye akatoka.

"Mnanirudishia ng'ombe? Mimi nimekosa nini?" Aliumia kweli, sitamsingizia.

"Hujakosa, baba," nikamjibu. "Ng'ombe ni pole, na pole tuliipokea. Fidia ni kitu kingine, na mfuko wake unauchangia siku zote. Tunachotaka ni fomu. Ukiona viwili hivi havikai pamoja, mali yako hii hapa."

Nilijua hawezi kumchukua. Mtu mzima ampokee ng'ombe aliyemtoa kwa mgonjwa, tena mbele ya macho yote yale? Mila iliyokuwa imetufunga sisi, siku hiyo ilimfunga yeye.

"Mrudisheni Nkololo," akasema, akaingia ofisini. Fomu ilijazwa kabla ya jua kuzama.

Pensheni ilitoka baada ya vipimo, mihuri na safari ambazo nikizihesabu nitatukana. Ng'ombe amezaa tena.

Mwaka huu, kabla msimu haujaanza, tawi lilikutana, na kwa mara ya kwanza vibarua walikaa humo kama wanachama. Hoja ilikuwa moja: mtu akiumia, ajali iripotiwe kwanza, ng'ombe atafuata. Mwenzangu naye alikuwepo. Siku hizi yuko getini, anafungulia malori ya pamba ya kutoka Kasoli.

Nikasema anayekubali anyooshe mkono. Akanyoosha wa kulia, juu kabisa.

Hesabu nikaianzia kwenye mkono wake.