Nkeri Zilizoteremka Mlimani

Auleria alipoolewa Bukiriro, kazi ya kwanza aliyofundishwa na mama mkwe wake haikuwa ya jikoni. Bibi Eustakia, mwanamke mfupi mwenye viganja vidogo kama vya msichana, alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye ua wa nkeri: fito ndefu za miiba zinazozaa matunda madogo meusi, punje zimeshikamana kama shanga.

"Hizi hazitaki mbegu," alisema. "Tazama, mwanangu."

Alivuta ufito wa mwaka ule, ambao ncha yake imekonda kama mkia wa panya, akaupinda taratibu mpaka chini. Akachimba kishimo, akafukia ile ncha, akaibana kwa kijiti chenye panda, kisha akaugandamiza udongo kwa kiganja.

"Sasa ni Machi. Mwache mtoto anyonye kwa mama yake kiangazi chote. Mvua za Oktoba zikianza atakuwa na mizizi yake, ndipo umkate umhamishe. Ukimkata mapema, umemuua."

Walifanya kazi hiyo pamoja miaka kumi na mmoja. Privatus, mumewe Auleria, alikuwa akiwacheka: nchi ina upungufu gani wa miiba hata waizalishe?

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia kijijini. Kijiji kipya kilipimwa kando ya barabara, ng'ambo ya kijito, karibu kiasi kwamba ukisimama kwenye mlango wako mpya unaliona paa lako la zamani kule mlimani. Wengine walihama wakiimba, wengine wakisukumwa. Bibi Eustakia aliketi kizingitini akasema mumewe amezikwa pale na yeye atazikwa pale. Balozi wa nyumba kumi, Emilian, mtu mpole lakini mwoga wa wakubwa, alikuja na mgambo wanne. Wakambeba kwa machela, paa likatiwa moto asipate pa kurudia. Privatus akawa anaandamana na machela, akimwambia, "Nitakurudisha, mama. Nitakurudisha."

Bibi Eustakia hakumaliza miezi miwili kijijini. Alifariki mvua za Novemba, kijito kimefurika hakivukiki, na hata hivyo maiti wa kijiji walitakiwa kuzikwa kijijini. Lake likawa kaburi la kwanza upande huu. Privatus hakulia. Alisimama akitazama ng'ambo mpaka watu wote wakaondoka.

Machi iliyofuata Auleria alivuka kwa siri kwenda mahameni, alaze ncha chache apate miche ya uwanja mpya. Kuta zilikuwa zimeanguka, migomba imemezwa na magugu. Lakini chini ya ua wa nkeri alikuta ncha tano zimekwisha kufukiwa, kila moja na kijiti chake chenye panda. Udongo ulikuwa mbichi.

Jioni alimuuliza mumewe, "Baba Ildefonce, umekwenda kule?"

"Kufanya nini?" Privatus alijibu, akaendelea kula.

Oktoba wale watoto watano wakawa wamekatwa na kupandwa nje ya ua, kwenye mteremko unaotazama kijito, kwa mstari ulionyooka. Machi nyingine, ncha zao nazo zikafukiwa. Kila mwaka mstari uliteremka. Watu kijijini walianza kuuona wakiwa uani kwao, utepe wa kijani unaoshuka mlima. Hakuna aliyeutaja kwa sauti. Wanawake waliacha kuokota kuni upande ule, na nkeri ziliiva zikadondoka bila wa kuzichuma.

Vita na Uganda vilipoanza mwaka 1978, mstari ulikuwa umefika ukingo wa kijito. Privatus alipandishwa lori la mgambo mwezi Novemba, akaondoka na wenzake. Kwa muda mrefu Auleria alishuku moyoni kwamba ni mumewe anayezifukia zile ncha. Sasa akajiambia: haya, tutaona.

Ikawa Machi. Adhuhuri moja, akitoka shamba la ujamaa, Auleria alishuka kijitoni kuosha jembe. Jua lilikuwa utosini, upepo hakuna, vyura kimya. Fito mbili zilikuwa zimevutwa juu ya maji, ncha zake zimefukiwa upande huu, upande wa makaburi. Vijiti vilikuwa vimetoka kukatwa, utomvu haujakauka. Kwenye udongo palikuwa na alama ya kiganja. Auleria aliweka chake juu yake. Vidole vyake vilizidi kwa pingili nzima.

Emilian alikuwa anapita juu na jembe begani.

"Ndugu balozi! Njoo uone!"

Emilian aliteremka. Alitazama muda mrefu. "Mama Ildefonce, ni wewe umefanya hivi?"

"Pima kiganja changu."

Hakupima. Alikuwa anatazama tope. Nyayo zilikuwa zao wawili tu, na ufito mmoja juu ya maji ulikuwa bado unatikisika, kama uliotoka kuachiwa sasa hivi. Emilian alivua kofia, akageukia makaburini.

"Mama," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "tulitumwa."

Privatus alirudi Agosti, amekonda, sikio moja halisikii. Baada ya wiki mbili Auleria akampeleka kijitoni. Privatus alipoona, akakaa chini palepale.

"Za mlimani ni mimi," alisema. "Nilishindwa kumrudisha mama kwake. Nikasema basi, nitamletea nkeri za kwake hapo alipo. Nilikuwa nikipita kule kabla ya zamu ya shamba la kijiji."

"Nilishuku."

"Lakini Machi nilikuwa Uganda, nabeba masanduku ya risasi." Akamtazama. "Hizi ni wewe, si ndiyo?"

Auleria aliona jinsi macho yale yalivyomwomba akubali. Alitafuta uwongo mdogo wa kumpa, akaukosa.

"Si mimi, baba."

Oktoba mvua zilipoanza walikwenda wote wawili. Privatus alikata wale watoto kwa kisu, Auleria akawang'oa na udongo wao, mizizi myeupe imejaa. Waliwapanda kichwani mwa kaburi. Emilian alikuja bila kuitwa, akachota maji akamwagilia. Tangu hapo hakuna ncha nyingine iliyofukiwa, mlimani wala kijitoni. Auleria alikagua kila Machi.

Nkeri za kaburini zilipozaa, hakuna aliyezigusa. Jumapili moja baada ya sala Auleria alichuma konzi moja, akazila mbele ya watu, akamgawia Privatus. Zilikuwa tamu. Watu walingoja kidogo, kisha wakaanza kusogea mmoja mmoja.

Lakini kijitoni pale, jua likiwa utosini, Auleria hakukanyaga tena. Alizunguka hadi daraja jipya la barabarani, hata akiwa na mzigo kichwani.