Fundo la Chumvi

Mama mkwe wa Kanyange hatoki nyumbani bila chumvi aliyoifunga kwenye pindo la kitenge chake. Popote anapokaribishwa, huonja kwanza. Chakula kikipungua ladha, hulifungua fundo taratibu kwa vidole vyake vikavu, hunyunyiza, hushukuru Mungu, hula. Hana ubaya, lakini wapishi wote wa mji wa Baraka wanaliogopa fundo lile. Utotoni mwake, vita vya waasi wa Mulele vilipowakimbiza yeye na mama yake mlimani, walikula majani na mizizi miezi na miezi, na mama yake akichuja majivu ya matete wapate walau harufu ya chumvi.

Jumapili ile Kanyange, bibi harusi aliyetoka kambi ya wakimbizi wa Burundi, alimpikia sombe, yale majani ya muhogo, kwa mara ya kwanza, na kwa woga akasahau chumvi. Wifi yake Riziki alionja akaangua kicheko.

“Eh, bibi harusi! Chumvi uliiacha kambini?”

Kanyange alikodolea macho fundo. Likifunguka, habari itafika hadi kijiji cha Nundu kabla ya jioni. Mama mkwe alionja, akalishika fundo. Kisha akaliachia. Alikula tonge kwa tonge mpaka sahani ikabaki nyeupe.

“Mama yangu alikuwa anatupikia hivi ku mulima,” akasema. “Ni hii ilituponya. Riziki, we usicheke chakula ya mama yangu.”

Akalamba vidole, akamsogezea Kanyange sahani.

“Aksanti sana, mutoto yangu. Niongeze.”