Salamu Zangu kwenye Televisheni ya Taifa

Ukipita Oraba usiniite mwenyekiti. Cheo hicho kimeniponyoka midomoni mwa watu.

Sisi wafanyabiashara wa pale mpakani tulikuwa hatuipati televisheni ya taifa. Picha ilijaa chenga tu. Wenzangu wakanituma Arua, mimi mwenyekiti wao, nikalilalamikie jambo hilo kwenye kipindi cha moja kwa moja cha televisheni hiyo. Waliniazima hadi tai.

Mtangazaji alinisalimu. Mimi ni mtu wa Koboko, salamu siikatishi. Nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Nikawasalimia mashemeji wa Omugo mmoja mmoja, nikampa pole shangazi wa Awindiri kwa mguu wake. Nilipokohoa nianze hoja, mtangazaji akasema, "Asante mzee, muda wetu umekwisha."

Nilirudi nimenywea. Njiani nikakumbuka kwamba Oraba hakuna aliyeniona. Basi nikawaambia wenzangu kwamba nilinguruma, nikapiga meza mpaka wakubwa wa televisheni wakatoka jasho.

Ajabu, muda si mrefu mafundi walikuja wakasimamisha mnara. Nilichinjiwa kuku. Mama Zaituni, mwenye hoteli, akaniweka kiti cha mbele, akawasha televisheni. Hata chenga moja haikuonekana. Kilikuwa kipindi cha marudio, na ndani yake nilikuwa mimi na tai yangu, namuuliza shemeji habari za mbuzi wake.

Mama Zaituni alitazama mpaka mwisho, kisha akaliondoa paja la kuku kwenye sahani yangu.

"Mzee," akasema, "ile meza uliyopiga iko wapi?"