Kiwanja Kimoja, Viwanja Thelathini

Mimi sikuumbwa kukaa kitako. Mke wangu alikuwa akisema kwamba hata nikilala miguu yangu inatembea. Ndiyo maana kazi ya kiwanja cha ndege ilinikaa. Kilikuwa kiwanja kidogo cha nyasi nyuma ya Temeke, mali ya Wazungu wachache wenye ndege mbili, enzi hizo za Mwingereza. Nilikuwa mkubwa wa wafyekaji, nikiwa na wenzangu wawili. Asubuhi tunashika makwanja tunafyeka, kisha tunapaka chokaa mawe ya mpakani, na tukisikia mngurumo tunakimbia kufukuza mbuzi wa watu. Masika nyasi ziliota upya kabla hatujamaliza upande wa pili. Nililalamika, lakini moyoni nilipenda kazi isiyokwisha.

Mke wangu hakuipenda. Tulipanga chumba kimoja Buguruni, na mwenye nyumba alikuwa na mdomo: moshi wenu, watoto wenu, maji yenu. Mke wangu alitaka kitu kimoja tu duniani, nyumba yake, hata ya udongo. Alilisema hilo kila jioni, nami kila mara natoka kwenda kutembea.

Miaka ile ya mwisho ndege zilipungua. Zilikuwa zikitua uwanja mkubwa wa serikali. Nikakosa raha. Pikipiki ikipita nadhani ndege, natazama juu. Ndipo asubuhi moja akaja karani, kijana wa bara, na karatasi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hiki kiwanja kinafungwa mwisho wa mwezi. Vitatolewa viwanja vipya, kama thelathini hivi. Anayetaka aje ofisini aandikishe jina."

Viwanja thelathini! Nilishakaa na ndege hata nikasahau kwamba mahali pa kujenga nyumba pia huitwa kiwanja. Nikaona viwanja thelathini vya kutua ndege, na nyasi zake zote. Wenzangu walitupa makwanja palepale wakaenda kujiandikisha. Nikawacheka wanavyojipendekeza. Mimi, mkubwa wao, nikapange foleni kuomba kazi niliyoizoea? Watanifuata wenyewe.

Jioni nikamwambia mke wangu, "Viwanja vinatolewa."

"Wee! Umejiandikisha?"

"Mie nijiandikishe nini? Jina langu wanalo."

Akapiga kigelegele mpaka mwenye nyumba akachungulia. Nikafurahi kuona hatimaye ameipenda kazi yangu.

Kiwanja kikafungwa, na hakuna aliyenifuata. Kila siku nilikwenda kuangalia, narudi, nakwenda tena, nyasi zimenifika magotini. Ofisini sikukanyaga. Kiburi si maungwana, lakini siku zile sikuwa na kingine. Mke wangu akiuliza, namjibu mambo ya serikali hayana haraka.

Siku walipokuja wapimaji nilikuwepo. Walipigilia vigingi, wakafunga kamba, wakaanza kuita majina, na kila aliyeitwa akaonyeshwa kipande chake. Wenzangu walipata, tena jirani kwa jirani. Nikapima kimoja kwa hatua zangu. Hatua ishirini. Ndege gani itatua hapa? Hapo ndipo akili iliponirudia.

Nageuka, namwona mke wangu anakuja na mzigo wa makuti kichwani. Kumbe wiki zote hizo alikuwa akiyasuka kwa dada yake.

"Baba watoto, chetu kipi?"

Nikamweleza. Kwanza alicheka, akidhani namtania. Kisha akautua mzigo, akamwendea mmoja wa wenzangu kumuuliza kama anahitaji makuti ya kuezekea. Hakunisema siku ile wala baadaye. Heri angenitukana.

Tulihama vyumba vinne baada ya hapo. Alipofariki, kabla sijalia, ilinibidi nikagonge kwa mwenye nyumba kumwomba ruhusa mke wangu aoshewe uani kwake.