Mlinzi wa Choo cha Reli

Babu yangu Shaibu alikuwa mlinzi wa choo. Sitafuti jina lenye heshima zaidi, kwa sababu hata yeye hakulitafuta. Wadachi, yaani Wajerumani, walipofikisha reli Dodoma, kambi ya vibarua ikafurika watu na kuhara damu kukaingia, watu wakafa ovyo. Bwana msimamizi, ambaye vibarua walimwita Bwana Miwani, akaamuru lichimbwe shimo moja refu, boriti ilazwe juu yake, na ua wa mabua ya mtama uzungushwe. Atakayeonekana akijisaidia porini, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mlinzi akimficha mtu, hamsa ishirini vilevile.

Babu alitoka katika watu wa misafara, Waislamu wa mjini, na kazi ile aliishika kama aliyepewa uimamu. Alisimama mlangoni akifoka kutwa. "Ingia kwa mguu wa kushoto! Acheni maongezi humo ndani! Mwaga majivu! Umenawa wewe?" Vibarua, wengi wao Wagogo wa vijiji vya jirani, walibaki vinywa wazi. Wanaume wazima kupangwa juu ya boriti moja kama kunguru, kila mmoja akisikia tumbo la mwenzake! Kwao, mtu mwenye adabu huenda mbali, peke yake, na akirudi haulizwi alikotoka. Babu akawaona wachafu. Wao wakamwona hana haya. Alikuwa akitusimulia hayo kwa kicheko, mpaka afike kwa Matonya. Hapo kicheko kilikatika.

Matonya alikuwa kijana wa Miyuji, mpanga mataruma ya kulazia reli, na ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kuzishika amri za Babu. Ghafla, mwanzoni mwa kiangazi, akaacha kabisa kuingia chooni. Babu akamwona ananyemelea vichakani.

"Matonya! Choo hukioni?"

"Nakiona, kaka."

"Basi?"

"Kina mtu."

"Kina watu tele, na boriti ni ndefu! Unaogopa nini?"

Matonya aliinamisha kichwa, akazidi kuingia vichakani. Babu alimwachia siku hiyo na siku nyingine, akinung'unika. Safari iliyofuata askari alikuwa karibu, na Babu, kwa hofu ya ngozi yake mwenyewe, akapaza sauti. Matonya akalazwa chini akachapwa. Hakuomba msamaha wala hakujitetea. Na asubuhi yake, mgongo bado unavuja damu, akaenda tena porini, akakamatwa tena! Bwana Miwani akasema safari hii amesamehe viboko, lakini akirudia atatiwa mnyororo apelekwe pwani, na huko wengi walikwenda wasirudi.

Babu alipigwa na bumbuwazi. Mtu gani huyu anayechagua mnyororo kuliko choo?

Jibu lililetwa na mke wa Matonya, Loisi, jina alilopewa na wamisionari. Alikuja kwa bibi yangu Stara akiwa na mimba kubwa, akakaa kwenye kizingiti cha jiko.

"Shikamoo, dada. Nakuomba, mwambie shemeji asimtaje tena mume wangu. Baba yangu yuko kambini."

"Baba yako yupi?"

"Mzee Ndahani, wa Makutupora. Ukame umemmalizia ng'ombe, kaja kubeba kokoto."

"Sasa baba yako na choo wapi na wapi?"

Loisi akajifunika uso kwa kaniki. Kwao, alisema, mkwe hakalii hata kigoda alichokalia baba wa mkewe. Atachuchumaaje juu ya shimo lake? Wakikutana mle, mzee hataivumilia aibu ile. Atamchukua binti yake siku hiyohiyo, na mimba yake, na ndoa imekwisha. Na Matonya hawezi kujitetea, maana kutamka tu kwamba mkwe wake huenda chooni ni kumvua nguo mbele za watu.

Babu alikuwa nyuma ya mlango anasikia yote. "Ee Mola wangu!" alisema. "Nimempigisha mtu kwa sababu ya adabu yake!"

Akaenda kwa Bwana Miwani kuomba choo cha pili. Akajibiwa: choo kimoja, sheria moja. Basi Babu, mtu aliyetii maisha yake yote, akachukua jembe Ijumaa baada ya sala, akachimba shimo fupi ng'ambo ya reli na kulizungushia mabua. Akamwita Matonya pembeni. "Hiki chako. Kile cha mwingine. Simtaji."

Haikupita wiki Bwana Miwani akakiona. Aliuliza jambo moja tu, nani ametoa ruhusa. Babu akalazwa palepale alipolazwa Matonya.

Yaliyofuata yananitia uchungu kuyaandika. Babu yangu, mtu wa udhu na tohara, aliyewafokea watu kwa chembe ya uchafu, tumbo lilimsaliti chini ya kiboko, mbele ya kambi nzima. Wako waliocheka. Askari akawanyooshea kidole watu wawili waliokuwa karibu: "Wewe na wewe, mwondoeni!" Mmoja alikuwa Matonya, wa pili Mzee Ndahani.

Wakambeba kwa blanketi. Matonya alitangulia bila kugeuka, mzee akafuata macho chini. Bibi alipiga yowe mlangoni. Majirani wakaja, wakaziba pua, wakarudi makwao. Aliyebaki ni Mzee Ndahani, ambaye Babu alikuwa akimwita mchafu kila asubuhi pale uani. Aliomba maji. Akamfungua Babu nguo, akamwosha mbele na nyuma kwa mkono wake, akiviepa vidonda, kama anavyooshwa mtoto mchanga. Bibi alikuwa akisema kwamba yeye mwenyewe alishindwa hata kumsaidia.

Maji yakaisha. Matonya alikuwa nje, mgongo umeelekea mlango. Mzee hakumwita. Alimwambia Bibi, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha:

"Mama, mwambie aliye nje alete maji. Na mwambie, nimejua shimo lile lilichimbwa kwa ajili gani. Kesho mimi narudi kwangu. Choo cha reli kimebaki chake."

Kwake Makutupora hapakuwa na ng'ombe wala punje ya uwele. Wote walilijua hilo. Matonya alikwenda, akarudi na mtungi, akausukuma ndani kwa mkono wa nyuma bila kugeuka. Babu akalia kwa sauti. Mzee akadhani ni vidonda, akazidi kumwosha polepole.