Neno nililomwambia muuguzi njiani kwenda Walikale

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyamitaba, Masisi, mashariki mwa Kongo.

Nimesoma uzi wa kijana aliyeuliza kwa nini Kiingereza kina maneno mengi ya kusema mtu anakwenda polepole. Mmemjibu vizuri. Mimi nina jibu langu, na sitalitia chumvi. Niliyoyafanya yananitosha.

Nilimaliza sekondari nikiwa na kamusi ya Kiingereza niliyoisoma mpaka jalada likatoka. Wakati wa vita, wazungu wa mashirika walipokuja, kamusi ile ikanipa kazi ya ukalimani.

Msimu mmoja kipindupindu kiliingia katika kijiji cha Walikale kilichojaa wakimbizi. Gari halikuweza kufika.

Tukaondoka kwa miguu: muuguzi mzungu, tumwite Anna, mimi, wapagazi sita wenye maboksi ya dawa, na Papa Bahati, mwindaji wa msitu ule, aliyetuongoza. Alijitolea mwenyewe. Binti yake alikuwa mgonjwa kulekule tulikokuwa tunakwenda.

Kila tukifika mtoni, Papa Bahati alisimama. Alitukalisha, tukanyamaza, naye akatazama ng'ambo.

Wawindaji wa kwao hawavuki mpaka wasikie ndege wa ng'ambo wakiimba. Ndege wakikaa kimya, huenda kuna watu wamejificha.

Wakati mwingine tulikaa nusu saa. Kambale, mpagazi kutoka Butembo, hakuchoka kumtania.

"Papa, hii ndege iko komanda wa bariere? Tungoye itupe ruhusa?"

"Njo yeye," mzee akajibu. "Tena huyu haombe sigara." Bariere kwetu ni kizuizi cha njiani, na wenye silaha wanaokilinda hawakupitishi bila sigara.

Siku ya pili Anna akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini mzee huyu ni slow hivi.

Hapa ndipo penye jibu la yule kijana. Slow peke yake inaweza kupita bila kumlaumu mtu wala kumsifu. Ukisema cautious, umesema ana hadhari. Deliberate ni yule anayepima kila hatua kwa makusudi. Unhurried ametulia, hakuna kinachomkimbiza. Lakini sluggish ni mzito, kama mtu ambaye mwili wake haujaamka. Na ukimwita mtu dull, umeshaigusa akili yake.

Nilikuwa nayajua yote. Sitasema nilikosea kutafsiri.

Miguu ilikuwa inaniuma. Tena niliona aibu, mimi msomi, kumweleza mzungu kwamba tunangoja ndege waimbe.

Nikamwambia, "He is sluggish. A bit dull."

Anna akauliza kama naijua njia iliyobaki. Nikasema naijua, naye akaamua tumwache mzee.

Ni mimi pia niliyempelekea mzee habari.

"Papa, muuguzi anasema umechoka. Bakia hapa, upumuzike."

"Sijachoka, mutoto wangu. Binti yangu iko kule."

"Njo vile amesema, Papa."

Akanitazama kidogo, akakaa juu ya gogo.

Mtu mwenye sababu kubwa kuliko sisi sote ya kukimbia ndiye aliyekuwa akisimama. Hilo sikuliwaza siku ile.

Kesho yake tukafika mto wa mwisho. Ng'ambo kulikuwa kimya kabisa.

Nilikisikia kimya kile, wakuu. Hata Kambale alinitazama, safari hii bila mzaha. Lakini kusema tungoje kungekuwa kukiri kwamba mzee alijua alichokuwa anafanya. Nikatangulia kuingia majini.

Watu wenye silaha walikuwa kwenye matete. Walichukua maboksi yote. Kambale alisita kulitua la kwake, wakampiga risasi ya mguu. Tukarudi tumembeba.

Dawa nyingine zilifika baada ya siku nane. Binti wa Papa Bahati alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ilinichukua miaka kupata moyo wa kumtafuta mzee. Nilimkuta nyumbani kwake, anatengeneza mtego. Nikamweleza yote, hata yale maneno mawili, na nikamtafsiria maana yake.

"Nilifikiri muzungu alinihurumia uzee," akasema.

Mikono yake iliendelea na kazi kwa muda. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Ilikuwa nguvu kumwambia: anasikiliza?"

Haikuwa ngumu. Ni neno moja, na kwa Kiingereza nililijua tangu mwaka wa kwanza. Hakunifukuza, wala hakuniambia nikae.

Kijana, tofauti za maneno hayo utazishika upesi. Uzito uko pale unapochagua moja juu ya mtu asiyeelewa unachosema kumhusu, akiwa amesimama hapohapo na amekuamini.

Anna hakuambiwa ukweli. Kwake yeye, Papa Bahati bado ni mzee mzito wa akili aliyetuchelewesha. Nimeanza barua kwake mara kadhaa, na kila mara naishia kwenye salamu.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mliowahi kutafsiri kati ya watu wawili, hasa wakati wa vita: nikiandika sasa, nitakuwa namsafishia mzee jina lake, ama natafuta tu nafuu yangu mwenyewe? Semeni mnavyoona. Nitasoma yote, hata ya kunilaumu.